Jioni ya ngoma, maneno na bahari ngomeni: niliyojifunza kwa kukosea

Shughuli yangu ya kwanza kwenye Ngome ya Lamu, ambayo sasa ni makumbusho, iliharibiwa na mwezi. Nilitangaza Jumamosi saa nne asubuhi, nikaazima viti, nikawaita waimbaji kutoka kisiwa cha Pate, na sikumwuliza mtu yeyote habari za maji. Ilikuwa siku mbili baada ya mwezi mpevu. Waimbaji waliondoka kwao saa mbili na nusu, wakaingia Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko nyuma ya Manda, na maji yakawakimbia chini ya boti. Walikaa pale juu ya tope, matari yamefunikwa kwa leso, mpaka maji yalipoanza kurudi. Walipofika gatini ilikuwa saa tisa alasiri. Wageni walishakwenda zao na mimi nilikuwa nafagia ua. Kiongozi wao, mama wa makamo, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, "Mwalimu, kwani wewe umezaliwa bara?"

Nimezaliwa Mkomani, tena karibu na bahari. Nimesomesha Kiswahili miaka 31, na tangu nistaafu nimekuwa nikisaidia kuandaa hizi jioni za makumbusho: muziki kidogo, lugha kidogo, mambo ya bahari, kahawa. Si mwajiriwa wa makumbusho, ni jirani tu mwenye daftari. Vijana wa miji mingine ya pwani wamekuwa wakiniuliza wafanyeje huko kwao, na kila mara najikuta narudia mambo yale yale kwa simu. Basi haya hapa, kwa maandishi.

Siku na saa

Anza na maji. Hata kama wageni wako wote wanakuja kwa miguu, yupo mvuvi, yupo nahodha, yupo mama anayesubiri samaki, na hao ndio unaowataka. Kwetu huku, mwezi ukiwa mchanga au mpevu ndipo penye bamvua, yaani maji makubwa. Maji hujaa karibu saa kumi jioni na saa kumi alfajiri, na hupwa mno karibu saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Wiki moja baadaye huwa maji mafu na saa zinageuka: yanajaa kwenye saa nne au saa tano, tena si sana. Kila siku yanachelewa kiasi cha dakika 50. Mamlaka ya Bandari hutoa jedwali la maji la Kilindini na ukilipata litakufaa, lakini mimi sasa nampigia nahodha simu, namtajia tarehe, ananiambia ndiyo au hapana kabla sijamaliza sentensi.

Baada ya aibu ile nilihamia jioni za mwezi mpevu. Boti za Pate zinapita Mkanda na maji yanayojaa alasiri, watu wanafika kabla ya magharibi, wanaswali, wanakula, na shughuli inaanza baada ya isha mwezi ukiwa juu ya ua. Ila ujue kwamba hawawezi kurudi usiku ule, maana saa nne maji yamekupwa. Lazima uwatafutie pa kulala, waondoke na maji ya alfajiri. Ukisahau kulala kwao umesahau nusu ya shughuli. Mimi huwagawa kwa jamaa: nyumba hii wanawake watatu, nyumba ile wanaume wanne. Hakuna hoteli, na kwa kweli mazungumzo mazuri zaidi huwa huko majumbani baada ya saa sita usiku.

Halafu ndipo uangalie kalenda ya ofisini. Siku zinazofaa ni tatu. Tarehe 21 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuanza kuadhimishwa 2022. Faida ya siku hizi ni kwamba wakubwa wanakuwa tayari kutoa kibali na pengine na pesa. Ubaya wa Mei ni masika: ua wa ngome hauna paa, na ngozi ya tari ikinyeshewa hailii tena usiku ule. Julai kuna kusi, bahari ya nje imechafuka, lakini njia za ndani zinapitika na jua si kali. Februari ni kaskazi, joto, ila bahari ni shwari na watu wana raha. Mimi hupenda Februari. Angalia tu isiangukie Ramadhani, na ukiona siku imeingia mfunguo sita, iache. Lamu nzima iko kwenye Maulidi, kila tari ina mwenyewe, na hakuna atakayekuja kwako. Wala usimlaumu.

Barua ya maombi ipelekwe mapema, miezi miwili kabla ikiwezekana, kwa msimamizi wa makumbusho. Andika idadi ya watu unaotarajia, saa ya kuanza na ya kumaliza, na kama kutakuwa na vipaza sauti. Kisha nenda mwenyewe kwa miguu ukaulize kama imefika.

Chagua kitu kimoja

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anataka jioni moja ionyeshe historia yote ya pwani: mji wa mawe, milango ya nakshi, mavazi, mapishi, majahazi, mashairi. Watu wanaondoka wamechoka na hawakumbuki chochote.

Chagua kitu kimoja kilichomo kwenye makumbusho yenu na usikiache usiku kucha. Kwetu tuna siwa mbili, yale mabaragumu makubwa ya sherehe, ile ya pembe iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu. Ukichukua siwa, jioni nzima iwe ya vya kupulizwa: siwa ilipulizwa wakati gani na kwa nani, nani alinyimwa, zumari inatofautiana vipi nayo. Ukichukua mlango, waite mafundi wa nakshi na mama aliyezaliwa ndani ya nyumba yenye mlango ule. Kitu kimoja kina watu wake, nyimbo zake na maneno yake, na kukijua kwa usiku mmoja si rahisi kama inavyodhaniwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kitu cha makumbusho kinakaa kabatini. Hakishikwi, hakipulizwi, hakitolewi nje kupigwa picha na mgeni rasmi. Kwa hiyo tafuta ndugu yake wa mitaani anayeweza kushikwa. Mwaka tuliochagua jahazi, binamu yangu aliazima mfano wa jahazi kwa fundi mmoja wa Matondoni, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, una kila kitu hadi kamba zake. Tuliuweka juu ya meza katikati ya ua. Nikamwomba ami yangu, nahodha mstaafu, akae kando yake. Sikumpa mada wala kipaza sauti.

Nilianza mimi, kwa ualimu wangu. Niliwauliza vijana wa sekondari maana ya methali "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mikono ikainuka kumi. Kijana mmoja akajibu kama kitabu: mtu hata azunguke vipi, mwisho hurudi alikotoka. Kwenye mtihani ningempa alama zote.

Ami akamwambia, "Haya, nionyeshe ngama."

Kijana akatazama chombo, akagusa mlingoti. Watu wakacheka. Ami hakucheka. Akaomba kikombe cha maji, akamimina kidogo mbele, kwenye omo. Maji yakateleza juu ya mbao za ndani, yakapita kati ya mataruma, yakatuama katikati, chini kabisa, juu ya mkuku. Akamimina nyuma, kwenye tezi. Yakaja pale pale. "Hapa ndipo ngamani," akasema. "Ukimwaga tezi, ukimwaga omo, mai yatakuya papa hapa. Na wewe mwanangu, utembee mbele, utembee nyuma, utakuya papa hapa na kata yako uyakumbe, ama sivyo tutazama sote."

Nilikuwa nimeisomesha methali ile kwa miaka 31 bila kumwaga maji hata tone.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka kuondoka mezani. Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga. Henza ni kamba ya kuupandishia. Upande upepo unakotoka ni wa joshi, na ule mwingine ni wa demani, na demani pia ni kamba ya kuzuia tanga, na tena ni msimu, ule wa mwisho wa kusi. Msichana mmoja aliuliza kwa nini neno moja linabeba mambo matatu. Ami akasema mwenye chombo hachanganyikiwi, maana akiambiwa "legeza demani" hawezi kwenda kulegeza mwezi wa tisa. Chombo hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, kikapakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini kikapakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Tukapata maneno 43 usiku ule, nimeyahesabu kwenye daftari. Programu niliyoiandika ilikuwa na vipengele tisa. Tulifanya vitatu.

Kualika

Bango bandika ukipenda, kwa ajili ya wageni na wanafunzi. Mzee hasomi bango. Nenda kwake baada ya alasiri, anapokaa barazani, kaa, nyamaza kidogo, kula kitakacholetwa, kisha useme shida yako. Usimpe karatasi ya kutia sahihi siku ya kwanza. Na usimwambie "njoo utoe mada." Ami angekataa kabisa. Nilimwambia, "Ami, watoto hawajui ngama ni nini," akanyamaza, akauliza, "Lini?"

Lamu ina pande mbili, Mkomani na Langoni, na tangu zamani zimeshindana kwa ngoma na kwa mashairi. Ukialika upande mmoja tu umetangaza vita baridi. Alika zote mbili, kwa siku moja, na kama unaweza upeleke mialiko kwa saa zinazokaribiana, maana habari inakwenda haraka kuliko miguu yako. Mji wako nao una pande zake. Huenda ni familia mbili, vikundi viwili vya taarabu, ama misikiti miwili. Zijue kabla hujachapisha jina la mtu yeyote.

Kuna watu ambao jengo lenyewe linawatisha. Ngome yetu ilijengwa baada ya Vita vya Shela, ikamalizika mwaka 1821, kisha kuanzia 1910 hadi 1984 ikawa jela. Shangazi yangu mmoja aliishi hatua mia mbili kutoka pale na hakuwahi kuingia. Nilipomwalika akaniuliza, "Gerezani? Nimefanya nini?" Na neno gereza lenyewe lina safari yake: Wareno walisema igreja, yaani kanisa, sisi tukaita hivyo ngome, mwishowe likabaki jina la kifungo. Nilimweleza hayo yote, naye akasema vizuri, lakini haingii. Aliingia mwaka uliofuata, baada ya wanawake wenzake kumwendea nyumbani kwake na ngoma yao ya vugo, wakamtoa kwa nyimbo. Ikiwa makumbusho yenu yana historia ya namna hii, anzieni nje, kwenye uwanja. Sisi huanzia Mkunguni, chini ya miti, na wanaotaka huvuka kizingiti polepole.

Muziki

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makosa ya hapa husikika mpaka Shela.

Kwanza, matari na ngoma zinataka moto. Ngozi ikipata unyevu wa bahari inalegea, na mpigaji yeyote wa maana atataka kuipasha kabla ya kupiga, na tena katikati. Usipomwandalia atawasha karatasi sakafuni, kwenye sakafu ya ngome yenye miaka zaidi ya mia mbili. Weka jiko la makaa nje ya lango, mchanga chini, ndoo ya maji kando, na kijana mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Mpigaji huizungusha tari juu ya moto, huigonga kwa kidole, husikiliza, huizungusha tena. Watoto hupenda kutazama hili kuliko ngoma yenyewe. Wape nafasi, na umwombe mpigaji agonge mara mbili, kabla na baada ya moto, wasikie sauti inavyopanda.

Pili, kila ngoma na mahali pake. Goma la wanaume, wale wanaojipanga safu na bakora zao wakijongea taratibu, linataka urefu, kwa hiyo lichezwe uwanjani. Kirumbizi ni fimbo kwa fimbo, lichezewe nje pia, na watazamaji wasimame mbali, maana kijana akishapandwa na mori haoni kamera yako. Zumari ndani ya kuta nne za mawe ni adhabu. Nje ni tamu. Ndani ya ua panafaa taarabu ya kikao, udi, fidla, dumbaki, rika, na kama bado mna mtu mwenye taishokoto, kile kinanda cha nyuzi cha Kijapani, mheshimuni sana. Panafaa pia mashairi na hadithi. Kasida ziwe mwanzo, baada ya dua, peke yake, na ziishe kabla ala nyingine hazijatolewa kwenye mifuko. Waulize wanakasida wenyewe wanapenda iweje. Wengine hawataki hata kuwa kwenye programu moja na udi, na hilo wana haki nalo.

Vugo ni la wanawake. Pembe zinapigwa kwa vijiti, nyimbo zina mafumbo, na baadhi ya mafumbo hayo si ya masikio ya wanaume wala ya watoto wao wa kiume. Sisi hulifanya kati ya alasiri na magharibi, lango limefungwa, simu zote kapuni, na kapu analinda bibi ambaye hakuna anayethubutu kubishana naye. Mwaka mmoja mpiga picha wa kiume alijipenyeza akisema ametumwa. Vugo lilinyamaza kama lililokatwa kwa kisu, na ilichukua nusu saa na maneno mengi kulianzisha tena. Sasa msimamizi wa lango hupewa maagizo mbele yangu: hata akija waziri.

Kwa shughuli ya usiku, wanawake hukaa ghorofani, ambako ua wote unaonekana, au upande mmoja wa ua. Panga hili mapema na uliseme wakati wa kualika. Mama asiyejua atakaa wapi haji.

Tatu, vipaza sauti. Ushauri wangu ni kuviacha. Kuta za mawe ya matumbawe zinarudisha sauti, na spika mbili kubwa ndani ya ua hufanya maneno yawe uji. Mwaka tulioazima mitambo ilipiga mluzi usiku kucha, na mwenye mitambo alikuwa akijibu kila lalamiko kwa kuongeza sauti. Kama watu hawazidi mia moja na hamsini, waimbaji wapande juu ya jukwaa la mbao la shubiri tatu, watu wakae karibu kwenye mikeka, na msemaji mmoja awe na kipaza sauti kidogo cha mkononi kwa matangazo. Jenereta, umeme ukikatika, liwe nyuma ya jengo. Au washa taa za chemli na uendelee. Tulifanya hivyo mara moja kwa kulazimika, na mara ya pili kwa kupenda.

Usigongomelee msumari. Chokaa ya ukuta wa zamani ukiitoboa inamomonyoka, na unyevu unaingia. Mabango yafungwe kwa kamba kwenye nguzo.

Na jua saa za adhana. Mwimbaji anyamaze kabla, si baada ya kuisikia.

Lugha

Mkutano wa "umuhimu wa Kiswahili" usiufanye. Watu wanakijua umuhimu wake, ndicho wanachonunulia samaki.

Tunachofanya ni ubao. Ubao mweusi wa shule, chaki, na mistari minne ya wima: Kiamu cha Lamu, Kitikuu cha Wabajuni, Kimvita cha Mombasa, na mwisho kile cha vitabuni. Mtoto mmoja anaandika neno la kitabuni, watu wanapaza sauti za kwao. Macho, mato. Njia, ndia. Nchi, nti. Mchele, mtele. Maji, mai. Wabajuni wakifika kwenye tatu wanasema chachu, na hapo mtu wa mjini lazima aulize kama wanakanda mkate. Mtu wao ni mchu. Ubao hujaa ndani ya robo saa na kelele hufika gatini. Sheria ni moja tu, hakuna kusahihishwa. Na sheria hiyo niliiweka kwa ajili yangu mwenyewe, mimi niliyewakata watoto alama kwa kalamu nyekundu kwa kuandika "mato", neno ambalo mama zao waliwaimbia nalo.

Mchezo mwingine unataka kipande cha karatasi nyepesi tu. Mtu aishike mbele ya midomo yake aseme paa, la nyumba. Kisha aseme paa, mnyama wa porini. Kwa msemaji wa Kiamu au Kimvita karatasi inatulia kwenye nyumba na inaruka kwenye mnyama, kwa sababu ya pumzi. Ndivyo ilivyo pia kwa kaa la moto na kaa wa baharini. Wanafunzi waliokulia bara hujaribu na karatasi haitikisiki, na bibi wa miaka themanini huitikisa bila kujua anafanya nini. Sijapata somo la fonolojia lililowahi kuchekesha watu namna hii.

Mashairi ya kujibizana yaachwe mwisho, watu wakishachangamka. Malenga wa Mkomani na wa Langoni, beti mbili mbili, mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, na mtu mmoja wa kuhesabu kwa vidole hadharani. Mada itolewe pale pale, ihusu kile kitu cha usiku huo. Usitoe zawadi ya pesa kwa mshindi kama hutaki ugomvi wa mwaka mzima. Sisi hutoa halua, na aliyeshindwa hupewa kubwa zaidi. Kwa kikao cha wanawake, mama mwenye mahadhi asome sehemu ya utenzi ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye mwaka 1858. Wasikilizaji hugawanyika papo hapo, wengine wanalia na wengine wanabisha, na ubishi huo uwachie nafasi kwenye programu.

Pesa na kahawa

Makumbusho yanaweza kukupa mahali. Mengine jitafutie. Fungu kubwa kwetu ni mafuta ya boti, likifuatiwa na chakula cha wageni wa kulala. Wapigaji wapewe bahasha, kila mtu yake, kabla hawajapanda jukwaani, isiwe baada. Mimi hutia shilingi 1,500 kwa kila mmoja, na kama nina 1,000 tu nasema mapema. Wazee wanaosimulia nao wapewe. Usije ukamlipa mpiga fidla, ukamshukuru nahodha kwa makofi. Kutuza waimbaji kuruhusiwe, kunachangamsha, ila weka sinia mbele ili watu wasigombanie jukwaa.

Kahawa chungu yenye tangawizi, dele mbili, na kijana wa kuzungusha finjani. Kaimati na visheti kutoka kwa akina mama wa mtaani, walipwe taslimu. Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani.

Kurekodi, na baada yake

Omba ruhusa kabla ya kurekodi, ya kila mtu, kwa sauti yake mwenyewe mwanzoni mwa rekodi: naitwa fulani, nimekubali, na nimekubali itumike kwa hili na si kwa lile. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijadi, lakini hata isingekuwapo, wimbo wa watu ni wa watu. Wanaokataa, simu iwekwe chini. Wanawake wa vugo wamekataa kila mwaka na kila mwaka tumewaheshimu. Nakala moja hubaki makumbusho, moja kwa aliyesema.

Hiyo ya pili usiitume kwa simu. Ipeleke. Wiki moja baada ya usiku wa jahazi nilikwenda kwa ami na spika yangu ndogo na daftari, nikampigia sauti yake, huku nikimsomea nilivyoandika. Alisikiliza macho yamefumbwa. Tulipofika kwenye ngama alinyanyua kidole.

"Umeandikaje hapo?"

Nikasoma, "Utakuja na kata yako uyakumbe."

"Rudisha."

Nikarudisha. Nikasikia, safari hii vizuri, alichosema kwenye rekodi: na upo wako. Usiku ule, na kelele zile, nilidhani ni "upo" la "upo hapo", nikaona sentensi haikai sawa, nikaisahihisha kimya kimya.

"Kata ni ya mtungini," ami akasema. "Ya kukumbia ngama ni upo. Zikiwa mbili ni nyupo. Andika."

Nikaandika. La 44.